Nakala ya Pili: Historia ya Kutunza Kumbukumbu chini ya Mlima Meru

Katika mwezi wa Novemba mwaka 1951, upande wa kaskazini-mashariki ya Mlima Meru, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika nchi yao ya Engare Nanyuki ili pawe na nafasi ya mashamba ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilitiwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wakaamriwa kwenda mahali wasipopataka. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, mjumbe wa Wameru, alisimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza habari za watu wake, akiwa amesaidiwa katika shauri hilo na mwanasheria Earle Seaton. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao siku ile. Lakini jambo moja lilitendeka ambalo halikuweza kutenduliwa. Maneno ya mjumbe yaliandikwa, yakapigwa chapa, yakawekwa katika majalada mbali na mkono wa mtu yeyote aliyependa yasahauliwe. Kilichoungua Engare Nanyuki hakikuwa na nakala. Kilichosemwa New York kilikuwa nayo. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo, na mwanafunzi wa leo aweza kukisoma na kujua yaliyotendeka kana kwamba moshi haujatoweka.

Nimeianza insha hii kwa habari ya Wameru kwa kuwa yatuonyesha kwamba kazi ya kuweka nakala ya pili ni ya zamani kuliko vyombo tunavyoifanyia leo. Siku hizi kazi hiyo ni ya mafundi waketio mbele ya kompyuta katika vyumba vyenye baridi, na watu wengi hudhani ni kazi ya mashine tu. Sivyo. Ni kazi ya historia, na pasipo kazi hiyo mwanahistoria hana cha kusoma. Mji wa Arusha wafaa kuwa shule yetu katika jambo hili, maana chini ya mlima ule ule imewekwa mojawapo ya amana kubwa za kumbukumbu katika Afrika. Nitakalolithibitisha ni hili: nakala ya pili haistahili jina lake mpaka imeweza kurudisha kilichopotea, na kuitunza ni kazi isiyokuwa na mwisho.

Kabla ya kufika katika amana hiyo, yafaa tutazame nyuma kidogo. Wajerumani walijenga boma lao la Arusha katika mwaka 1900, na kama ilivyo desturi ya serikali zote, boma lilizaa karatasi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Waingereza waliingia Arusha mwezi wa Machi mwaka 1916, na watawala wa Kijerumani wakaona ya kuwa majalada yao yatakuwa nyara. Sehemu ya majalada ya serikali kuu ilipelekwa bara ikazikwa ardhini huko Tabora, na baada ya vita ikafukuliwa. Kaburi la karatasi ni hifadhi yenye hatari mbili. Kwanza, ajuaye mahali aweza kufa asiseme. Pili, kilichozikwa hakikaguliwi, na mchwa haombi ruhusa. Lakini Wajerumani walikuwa na desturi nyingine iliyowafaa wanahistoria zaidi ya ile ya kuzika: walikuwa wakipeleka barua na taarifa zao Berlin. Kwa hiyo mtafiti akosapo jalada Dar es Salaam, mara nyingine hupata mwenziwe Ujerumani. Hapo twaona tena somo la Engare Nanyuki, kwamba umbali ni ngao.

Hata hivyo umbali una gharama yake. Mwenye nchi hulazimika kupanda meli au ndege ili akasome habari za babu yake. Ndiyo maana taifa letu lilipopata uhuru lilianzisha Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na sheria ya mwaka 1965 ikaiweka kazi hiyo chini ya mamlaka kamili. Swali la mahali panapostahili kuwekwa kumbukumbu, na la nani awe mwenye ufunguo, tutalikuta tena mbele.

Miaka 43 baada ya moto wa Engare Nanyuki, Umoja wa Mataifa uliamua jambo ambalo hatimaye liliufikisha Arusha. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 955 la kuunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ili iwahukumu wakuu wa mauaji ya kimbari ya mwaka ule. Na tarehe 22 Februari 1995, kwa azimio namba 977, likaamua makao yake yawe Arusha. Mahakama ilikaa katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, jumba lililojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Humo ndani kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba, ilianza Januari 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 akatiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kusikiliza kesi ya mauaji ya kimbari hata mwisho wake na kutoa hukumu. Mahakama ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, ilikuwa imewashtaki watu 93, imesikiliza mashahidi zaidi ya 3,000, na imekaa siku 5,800 za kusikiliza mashauri.

Msomaji na afikiri maana ya hesabu hiyo kwa mtunza kumbukumbu. Shahidi mmoja alisema Kinyarwanda. Mfasiri akageuza maneno yake kuwa Kifaransa, na mwingine kuwa Kiingereza. Waandishi wakayapiga chapa. Vyombo vikashika sauti, na vingine vikashika sura. Kisha kulikuwa na vielelezo: ramani, picha, barua, maandishi ya matangazo ya redio. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa na kituo Kigali, na Chumba cha Rufani kilikuwa na makao yake The Hague, hata karatasi za shauri moja zikawa zinaishi katika nchi tatu. Wala mtu asidhani ya kuwa maandishi yakiwapo sauti haina kazi. Mfasiri ni mwanadamu. Siku wakili akidai ya kuwa neno fulani la Kinyarwanda halikufasiriwa sawasawa, hakuna jalada la Kiingereza wala la Kifaransa liwezalo kuamua. Shahidi pekee ni ukanda uliohifadhi sauti ya kwanza. Ukanda huo ukiharibika, ushahidi hupungua ingawa karatasi zimejaa kabati.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa wengi huijua kwa jina tu. Katika taasisi kubwa yoyote, iwe mahakama, benki, hospitali au chuo kikuu, maandishi hayakai tena katika saraka bali katika kompyuta kuu ziitwazo seva. Usiku, watu wakilala, programu huamka na kunakili. Iko nakala kamili, ambayo huchukua kila kitu, na aghalabu hufanywa mara moja kwa juma. Na iko nakala ya nyongeza, ambayo huchukua yale tu yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia, nayo hufanywa kila usiku. Njia hii huokoa muda na nafasi, lakini ina sharti. Siku ya msiba, mtunzaji hana budi kurudisha nakala kamili kwanza, kisha nyongeza zote moja baada ya moja kwa mpango wake. Ni mfano wa shanga katika uzi: uzi ukikatika katikati, zinazofuata zote humwagika. Pamoja na nakala hukaa daftari la orodha, lisemalo kila faili limo katika ukanda gani na tangu siku gani. Daftari hilo likipotea, kanda zote hugeuka kuwa mabubu, maana zina habari lakini haziwezi kuulizwa upesi.

Ukanda wa sumaku, ambao vijana wengi hudhani umekwisha zamani, bado ni mtumishi mkubwa wa kazi hii. Aina iitwayo LTO ilitolewa mwaka 2000 ikiwa na nafasi ya gigabaiti 100; aina yake ya tisa ina nafasi ya gigabaiti 18,000 katika kisanduku kinachoshikika kwa mkono mmoja. Sifa yake bora si ukubwa huo. Ukanda hutolewa katika mashine ukawekwa rafuni, na ukiwa rafuni hakuna mwizi wa mtandaoni awezaye kuufikia.

Hata hivyo mashine hizi hushindwa mara nyingi kuliko wanavyofikiri walio nje. Mtunzaji afikapo asubuhi hukuta taarifa ya usiku, na mstari mmoja ndani yake husema kazi haikutimia. Fundi asiyefunzwa hukimbilia kubadilisha hiki na kile, na kufika saa sita mchana hajui tena ni kipi alichokikuta kibovu na ni kipi alichokiharibu mwenyewe. Aliyefunzwa huuliza kwanza, kama hakimu. Je, imeshindwa seva moja au zote? Ilishindwa lini mara ya kwanza, na siku ile palibadilishwa nini? Je, seva yaonekana katika mtandao? Je, nafasi ya kuandikia ipo? Je, neno la siri la programu limekwisha muda wake? Kama shaka iko kwenye ukanda, huujaribu katika mashine nyingine: kosa likihama pamoja na ukanda, ukanda ndio mbovu; likibaki na mashine, mashine ndiyo mbovu, au kichwa chake cha kusomea kimeshika vumbi na chataka kusafishwa. Huangalia pia kama faili lilikuwa limefunguliwa na linaandikwa wakati wa kunakiliwa, kwa sababu kunakili hesabu ambazo karani bado anazijaza ni kupata ukurasa ambao jumla yake haikubaliani na mistari yake. Mwisho, huandika alilolikuta na alilolifanya, ili mwenziwe asianze upya.

Lakini kosa lipigalo kelele ni rafiki. Lililo adui ni kosa linyamazalo. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, iliyokuwa ikitunza kazi za waandika programu wa dunia nzima, ilipatwa na mkasa uliostahili kufundishwa katika vyuo vyetu. Mhandisi mmoja, akiwa amechoka usiku na akijaribu kutengeneza hitilafu, alifuta gigabaiti 300 hivi katika seva isiyokuwa yenyewe. Walipogeukia njia zao za akiba, ambazo zilikuwa tano, waliona hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyotumaini. Programu moja ya kunakili ilikuwa ikishindwa kila siku kwa sababu toleo lake halikulingana na toleo la hifadhi ya data, na barua za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani zisiwafikie wahusika. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameifanya kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa haja nyingine kabisa. Kampuni hiyo ilieleza makosa yake hadharani, na kwa hayo yastahili heshima. Somo lake ni hili: walikuwa na nakala, lakini hawakuwa na desturi ya kujaribu kuzirudisha. Hodari katika kazi hii si yule awezaye kukuonyesha rafu iliyojaa kanda. Ni yule awezaye kukuambia siku gani alitwaa ukanda mmoja, akaurudisha katika mashine tupu, akafungua faili na kulisoma.

Turudi Arusha, maana mahali nako kuna maneno yake. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya umeme, na Tanzania ikaingia katika mgawo mkali. Kazi ya kunakili ichukuayo saa nyingi haipendi kukatizwa. Umeme ukizimika katikati, nakala hubaki nusu, na nakala nusu ni mbaya kuliko kukosa, kwa kuwa humpa mwenyewe tumaini la uongo. Kwa hiyo mtunzaji wa Arusha alilazimika kuwa pia mtunzaji wa betri na jenereta.

Kisha uko mlima. Meru una mita 4,566, na watu wa mjini huutazama kila asubuhi kama mzee wa ukoo aliyekaa kimya. Lakini ni volkano, na mara yake ya mwisho kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Mwezi wa Julai 2007 nchi ilitetemeka mara nyingi upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai, hata watu wa Arusha na Nairobi wakatoka mbio majumbani na maofisini. Na Septemba ya mwaka ule Lengai ikalipuka. Hakuna amana iliyopotea, lakini aliyekuwa ameweka nakala zake mbili katika jengo moja alipata siku ya kutafakari. Wenzetu wa Cape Town walipata zaidi ya tafakari. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa nyika ulishuka mlimani kwao ukateketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger ya chuo kikuu, pamoja na maelfu ya vitabu vya elimu ya Afrika. Milango ya kuzuia moto iliokoa sehemu nyingine, nayo maji ya kuzimia yakalowesha zilizokuwa chini. Kwa ajili ya mambo kama hayo watunzaji wana kanuni fupi: nakala ziwe tatu, ziwe katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali.

Mbali ni wapi, na kufika kwake ni kwa njia gani? Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano yetu na dunia yalitegemea setilaiti, nayo yalikuwa ya polepole na ghali. Mwaka ule waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, na waya wa EASSy ukafuata mwaka 2010, hata ikawezekana kutuma nakala ng'ambo usiku mmoja. Watu wakaanza kusema kanda hazina haja tena. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika pamoja upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti zaidi. Aliyekuwa na nakala ng'ambo peke yake alikuwa siku hiyo kama mtu mwenye mali ng'ambo ya mto uliofurika.

Kinyume chake pia ni kweli, na huko Ghana kulitokea kisa cha ajabu. Mwezi wa Juni 2017 programu haribifu iitwayo NotPetya iliingia katika kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk ikafuta, katika muda mfupi, seva zote zilizokuwa zikishika orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Seva hizo zilikuwa nyingi, zimetawanyika duniani, na kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake. Lakini kwa kuwa zote ziliunganishwa, zote zilikufa pamoja. Ikapatikana moja tu iliyo hai, katika ofisi ya Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na kuitenga na mtandao. Data ile ilichukuliwa kwa mkono, ikasafirishwa kupitia Nigeria hadi Uingereza, na kampuni ikafufuka. Tatizo tunalolilalamikia kila siku likawa ndilo lililookoa kampuni tajiri. Haifai mtu akategemea bahati ya namna hiyo. Afanye kwa makusudi kile ambacho Ghana kilitokea kwa ajali: nakala moja iwe imekatwa kabisa na nyingine.

Hatari ambayo haina moto wala kelele ni wakati. Mashine ya kusoma kanda za LTO husoma aina yake na zilizotangulia kidogo. Zile za aina ya saba husoma vizazi viwili nyuma, na za aina ya nane husoma kimoja tu. Kanda za video za miaka ya 1990 zaweza kuwa nzima kabisa, na mashine ya kuzisoma isipatikane. Kwa hiyo akiba ya usiku peke yake haitoshi. Akiba ni dawa ya ajali ya jana. Uhifadhi ni dawa ya miaka mia. Uhifadhi wataka kuhamisha data katika vyombo vipya kabla vya zamani havijafa, na kila mara kulipatia faili alama yake ya hakiki, yaani tarakimu zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Ikibadilika herufi moja, tarakimu hazitalingana, na mtunzaji atajua ya kuwa kitu kimeguswa.

Haya ndiyo yaliyohamia Lakilaki. Kwa azimio namba 1966 la tarehe 22 Desemba 2010 Baraza la Usalama liliunda chombo cha kumalizia kazi zilizosalia za mahakama za Rwanda na Yugoslavia. Tawi lake la Arusha lilianza tarehe 1 Julai 2012, na la The Hague mwaka mmoja baadaye. Serikali ya Tanzania ilitoa kiwanja, na tarehe 25 Novemba 2016 yakafunguliwa huko Lakilaki, nje ya mji, majengo mapya: ofisi, chumba cha mahakama, na jengo la kumbukumbu. Matawi mawili kwa jumla yalikuja kutunza karatasi ambazo zikipangwa rafuni hufikia mita 4,400 hivi, na data ya petabaiti zipatazo tatu. Mafundi waliwekewa kazi ya kuziingiza data hizo katika mfumo wa uhifadhi wa muda mrefu, na kuzichunguza kanda za sauti na picha zilizokuwa katika vyombo vilivyopitwa na wakati.

Kwa nini gharama yote hiyo, ikiwa mahakama imekwisha? Jibu lilikuja lenyewe. Félicien Kabuga alishtakiwa mwaka 1997, akajificha miaka mingi, akakamatwa karibu na Paris tarehe 16 Mei 2020. Kesi yake ilipofunguliwa The Hague tarehe 29 Septemba 2022, robo karne ilikuwa imepita. Mwaka 2023 majaji waliisimamisha kwa kuwa afya ya mshtakiwa haikumwezesha kuhukumiwa. Lakini hata kuifikisha hapo kulihitaji ushahidi uliokusanywa na watu ambao wengine walikuwa wamekwisha kustaafu, wengine wamekufa. Hapo ndipo jaribio kubwa la kurudisha nakala lilipofanyika, mbele ya dunia nzima, na hakuna programu iliyoliweka katika ratiba.

Lakini amana hii ina fumbo ambalo amana ya benki haina. Mashahidi wengi walisema chini ya majina ya kubuni, kwa herufi tu, kwa sababu jina lao likijulikana maisha yao yangekuwa hatarini. Hatari hiyo si ya kufikirika: mwezi wa Juni 2021, papo hapo Arusha, watu walitiwa hatiani kwa kuwaingilia mashahidi waliolindwa na mahakama ili wayakane maneno yao. Sasa tazama. Kila nakala inayoongezwa hupunguza hofu ya kupotea. Na kila nakala inayoongezwa huongeza mlango ambao siri yaweza kutokea. Mtunzaji anayefanya nakala ya tatu amlinda shahidi asisahauliwe, na papo hapo amhatarisha asijulikane na adui zake. Hakuna hesabu itakayomaliza mvutano huo. Kinachowezekana ni kuzifunga nakala kwa maandishi ya siri, kuandika kila anayefungua, na kutambua ya kuwa ufunguo nao wataka nakala, na nakala ya ufunguo yataka mlinzi.

Wanyarwanda nao wana dai lao. Serikali yao imesema mara nyingi ya kuwa kumbukumbu hizi ni za msiba wao na zastahili kukaa kwao. Sheria ya kile chombo, katika kifungu cha 27, yasema ni mali ya Umoja wa Mataifa popote zilipo. Mwaka 2024 Baraza la Usalama lilimwagiza Katibu Mkuu alete taarifa juu ya mahali zinapoweza kuwekwa siku za mbele. Mimi siandiki ili kuamua shauri hilo, lakini fundi wa akiba aweza kuwasaidia wanasiasa kwa jambo moja. Kwa karatasi, mwenye asili ndiye mwenye kitu, na mwenye nakala ana kivuli. Kwa data, nakala iliyothibitishwa kwa alama ya hakiki ni sawa na asili yake kwa kila herufi. Ushahidi ulio wazi kwa wote waweza kukaa Kigali na Arusha na The Hague pamoja, pasipo mmoja kumpunguzia mwenziwe. Ugomvi hubaki juu ya zile siri, na juu ya heshima. Na hayo ni mambo ya wanadamu, si ya mashine.

Kirilo Japhet alisafiri kutoka Meru hadi New York ili maneno ya watu wake yapate mahali pa kukaa. Leo mwanafunzi wa Arusha hahitaji safari ile. Amana ya Lakilaki iko karibu naye, na katika ofisi za wilaya, shule, hospitali, makanisa na misikiti ya mji wake zimo kumbukumbu nyingine ambazo hazina azimio la Baraza la Usalama la kuzilinda. Mara nyingi hukaa katika kompyuta moja, juu ya meza moja, na nakala yake, kama ipo, imo ndani ya saraka ya meza ile ile. Wasomi watakaoandika historia ya nchi hii katika mwaka 2080 watategemea saraka hizo. Basi kila mmoja wetu aliye na daftari la watu wengine mkononi na ajiulize swali lile ambalo mtunzaji mwema huwauliza wanafunzi wake kila juma: mara ya mwisho uliirudisha lini nakala yako, na ulipoifungua, ulisoma nini?